Mti Uliopimwa Hadi Mizizi

Nimefanya kazi nyingi za kupita. Nimepakia mpunga kwenye mabehewa Mlimba, nimeuza chumvi Tunduma, nimelinda shamba la miwa la mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Kila nilipokaa sana mahali, miguu ilianza kuniwasha. Lakini ninapokaa na watu na mazungumzo yakanoga, kazi ninayoisimulia ni moja, na wengi huiamini kwa shida. Niliwahi kuajiriwa kupima mti. Si urefu wake wala mbao zake. Tulipima uzito wa mti mzima, kuanzia majani hadi mizizi, kwa mizani ya kununulia mpunga.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Ifakara, na nyumbani kwetu Katindiuka walishachoka kuniuliza nitalima lini. Nikasikia kuna mtaalamu anatafuta vibarua wa kwenda naye ng'ambo ya Idete, kwenye miombo inayoanza pale majaruba ya mpunga yanapokoma na ardhi kuanza kupanda. Nikaenda. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole wa sauti, amevaa suruali ya kaki na buti za mvua, kichwani kitambaa cha kitenge. Sisi vibarua tulimwita dada.

Asubuhi ya kwanza alituketisha juu ya magunia matupu akatueleza kazi. Mti, alisema, haujengwi na udongo kama wengi tunavyodhani. Unakula hewa. Ule weusi unaobaki ukichoma mkaa ndio unaoitwa kaboni, na mti umeutoa hewani, ukauhifadhi mwilini mwake miaka yote hiyo. Yeye alitaka kujua miti ya bonde letu imebeba kiasi gani. Miti mingi angeipima unene kwa utepe na kukadiria, ila ili makadirio yawe na msingi, michache ilipaswa kuangushwa na kupimwa yote bila kubakiza kitu. Midogo alishaimaliza. Ulibaki mkubwa mmoja, myombo, na kibali alichokuwa nacho kilikuwa cha mkubwa mmoja tu. Mwaka uliotangulia, upande mwingine wa bonde, mvua ilimkuta mizizi ikiwa nusu ardhini. Shimo likajaa maji, na mti wa watu ukawa umeangushwa bure. Hakulisema hilo kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayekuonyesha mahali barabara ilipokatika.

Sijawahi kuona mtu akiuheshimu mti alioukata kama yeye. Kabla ya msumeno kugusa shina, tulitandika maturubai chini ili majani yasipotee. Lilipopukutika jani nje ya turubai, aliinama akaliokota mwenyewe. Kwenye tawi moja palikuwa na kiota kikuukuu. Alikitoa akakiweka pembeni, akasema hicho si mti. Upande mmoja wa shina gome lilikuwa limebanduliwa zamani na mrina asali ili atengeneze mzinga, na mti ukaliziba lile kovu kwa midomo minene ya gome jipya. Alisimama akalipapasa kwa muda mrefu kabla ya kuturuhusu kukata pale. Majani tuliyajaza kwenye magunia, matawi tukayafunga mafungu, shina tukalikata vipande vinavyobebeka. Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma mizani kwa sauti. Nilitamka, yeye akarudia, akaandika. Kutoka kila sehemu alichukua kipande kidogo, akakitia kwenye mfuko wa kaki kwenda kukikausha mjini, maana maji, alisema, hayahesabiwi.

Mpaka hapo wanakijiji walitucheka tu. Mambo yalibadilika tulipoanza kuchimba.

Kila mtu wa bonde lile anajua kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha mali. Aliifukia chini ya miti mikubwa, akaweka alama, ili wajukuu zake waje kuichukua. Sasa angalia sisi: tulikuwa tumepaka miti rangi nyekundu usawa wa kifua. Tumeangusha mti mzuri, mbao hatutaki. Halafu tukaanza kuchimba kuzunguka kisiki, taratibu, tukitia udongo kwenye vifuko na kuvifunga. Anayetaka mbao hachimbi mizizi, na anayetaka mkaa hapimi majani. Ningekuwa napita njia, ningeamini walichoamini wao. Hata mle shimoni, jembe langu lilipogonga jiwe moyo ulinishtuka, nikainama kutazama.

Siku ya tatu ya kuchimba, mwenyekiti wa kijiji alikuja na watu wengi nyuma yake. Dada alitoka shimoni, akajifuta mikono, akamwamkia shikamoo. Mwenyekiti akaitikia marahaba, binti, akauliza kuna nini humo chini. Dada akaeleza upya, hewa na weusi wa mkaa na mizizi. Watu walisikiliza kwa adabu yote. Kisha akajitokeza bibi mmoja wa Kindamba, ambaye jaruba lake lilikuwa jirani kabisa na mti wetu, na ambaye nilikuja kujua kwamba hata mwenyekiti alimwogopa.

"Mbao hutaki?" aliuliza.

"Sitaki, bibi. Chukueni."

"Na kuni?"

"Chukueni pia."

"Wewe unataka mizizi."

"Mizizi, bibi."

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "Mjerumani naye alikuja hapa akisema anataka pamba."

Watu walicheka, na sisi vibarua tukacheka. Dada naye alitabasamu. Mwanaume mmoja akasema kama shida ni weusi wa mkaa, si auchome huo mti apime mkaa, yaishe. Dada akamjibu kwamba akiuchoma, weusi mwingine utapanda na moshi, sasa ule wa angani ataupimia wapi? Waliguna, lakini haukuwa mguno wa kukubali. Mwenyekiti akatoa uamuzi: kuchimba kusimame hadi aje ofisa kutoka Ifakara, labda wiki ijayo, labda ile nyingine.

Niligeuka kutazama milima ya Udzungwa. Mawingu yalikuwa yamelala juu yake tangu juzi, na joto lilikuwa lile la kubana kifua linalotangulia mvua za kwanza. Wiki moja ilitosha kuligeuza shimo letu kuwa bwawa.

Dada hakubishana. Alilizunguka shimo polepole, mikono nyuma, mimi nikidhani anaaga. Aliporudi alisema, "Mwenyekiti, mimi nina haraka, nanyi mna wasiwasi. Basi chimbeni ninyi. Kila kitakachotoka humu ambacho si mzizi ni cha kijiji, mbele ya macho yenu. Mizizi niachieni mimi."

"Hata likiwa sanduku?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Hata yakiwa masanduku."

Mwenyekiti aliwatazama watu wake. Watu wake walikuwa wanatazama shimo. Dada akaweka masharti: mzizi usikatwe kabla hajaufunga kitambaa cha alama, na udongo wote uchekechwe, kwa sababu kuna mizizi myembamba kama nywele naye aliitaka hiyo pia. Alisema wazi ni kwa ajili ya mizizi. Bibi akawageukia wanawake wenzake akawaambia lazima uchekechwe, rupia za Mjerumani ni ndogo, zitapita hivi hivi.

Kesho yake tulikuta nusu ya kijiji imeshafika. Wanawake walikuja na nyungo zao za kupepetea mpunga, wakaketi safu kando ya shimo, na udongo ukapita mikononi mwao kwa namna ambayo sisi vibarua tusingeweza hata tungepewa mwaka. Mawe yalitupwa huku, vumbi likaenda na upepo, na kwenye ungo ikabaki mizizi mitupu, safi, imekusanyika upande mmoja. Dada alipita akiikusanya na kushukuru kila mmoja. Wanaume ndio walisumbua. Walitaka kwenda chini moja kwa moja, naye mizizi yake ilikwenda pembeni. Mmoja ulipita chini ya njia ya miguu, ukaelekea jaruba la bibi, na wanaume wazima wakaufuata kwa magoti, wakiufukua kwa visu, wakibishana unaelekea wapi. Kufika jioni nilisikia mmoja akimkaripia mwenzake kwa kukanyaga mzizi ambao haujafungwa kitambaa.

Kisiki chenyewe kiligoma. Tulishakata mizizi yote ya pembeni, lakini ule wa katikati ulikuwa umeshika ardhi, na watu wote wa kijiji wakivuta kamba hakikutikisika. Jioni ile ngurumo zilianza kusikika. Dada aliniambia nimsindikize, tukaenda hadi boma la Msukuma mmoja aliyehamia pale na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Wanakijiji hawakuwa na maneno mazuri naye, kwa sababu ng'ombe walishaingia mpungani. Dada alimwomba maksai. Yule bwana alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama minyororo anayo.

Asubuhi alikuja na maksai wake. Manung'uniko yakaanza, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mgeni asije akaingizwa kwenye mgao.

"Mimi mali ya Mjerumani siijui," Msukuma alisema, akimpiga maksai wa mbele shingoni kwa kiganja. "Mali yangu hii hapa, inakula majani."

Minyororo ilifungwa, maksai wakaitwa kwa majina ya Kisukuma, wakainamisha vichwa. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha ardhi ikatoa mlio mzito, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, na kisiki kikalala ubavu, kikaburutwa nje na mizizi yake ikining'inia na udongo mwekundu.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Watu wote walikimbilia shimoni. Wote, na vibarua wenzangu, na mimi mwenyewe. Mtu mmoja tu alikimbilia kisiki. Alipiga magoti akaanza kuuondoa udongo kwa kisu na brashi, akiingiza vidole kwenye kila pango la mizizi, na hakugeuka hata mara moja kuangalia tumepata nini.

Hatukupata kitu. Mwenyekiti alishuka mwenyewe, akaipigapiga sakafu ya shimo kwa mtaimbo, ikamjibu udongo. Palikuwa pasafi, pekundu, hapajawahi kuguswa na mtu. Mmoja akaokota jembe lake, mwingine akafuata, na matone ya kwanza yakaanza kutoboa vumbi. Kisiki kilikuwa bado kukatwa, bado kupimwa, na sisi vibarua peke yetu tusingeweza. Udongo ukilowa tena kwenye ile mizizi, uzito wote ungekuwa wa uongo. Dada alijua. Niliona mkono ukimwenda mbio. Lakini hakumwita mtu, hakumdai mtu chochote.

Bibi alikuwa amesimama na ungo wake, mizizi ya mwisho ikiwa imo ndani. Alimtazama dada pale kisikini.

"Kumbe kweli alitaka mizizi," alisema, kama anazungumza peke yake. Halafu akapaza sauti. "Nyie. Huyu mtoto amesema kweli tangu siku ya kwanza, na kijiji kizima kimemwita mwizi. Mnakwenda wapi? Mvua hiyo, mpimieni mti wake."

Walirudi. Wengine walishika turubai juu ya mizani kwa mikono, wengine wakashika msumeno, Msukuma na mwenyekiti wakajikuta upande mmoja wa gogo moja, wakalinyanyua pamoja. Nilitamka namba, na dada hakurudia peke yake tena; waliokuwa chini ya turubai walizirudia kwa pamoja, kila moja, mvua ikitunyeshea migongoni. Cha mwisho kilikuwa ungo wa bibi. Mizizi ile tuliimimina kwenye mizani ndogo, mshale ukasogea kidogo tu. Nikasoma. Akaandika. Akafunga kalamu.

"Umetimia," alisema.

Bibi akaomba aambiwe jumla. Dada akajumlisha palepale, akamtajia uzito wa mti mzima, na akaeleza kwamba maji yakishatolewa, karibu nusu ya kinachobaki ni ule weusi aliokuwa anausema.

"Na huo wote ulikuwa hewa?"

"Ulikuwa hewani, bibi."

Bibi alitazama juu, kwenye mvua, akafikiri. Kisha akaukung'uta ungo wake, akajifunika nao kichwa, akashika njia ya jaruba lake bila haraka yoyote.