Matanga ya Rodanthi

Rodanthi na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, mtaa mmoja, na Mungu alipokuwa akigawa alimwanzia yeye. Yeye nywele, mimi meno. Yeye kisima cha maji ya karibu, mimi kisima cha kamba ndefu. Na katika uwanda wote wa Lasithi, kinu cha upepo kinachotangulia kuzunguka asubuhi ni chake. Wajukuu wananiuliza habari zake. Haya, nazieleza.

Upepo kwetu ni mfanyakazi wa zamani. Pale juu, penye mlango wa bonde, viko vinu vya mawe vya kusagia ngano, na hata bibi yangu hakujua nani alivianza. Hivi vya chini, vya chuma na matanga ya kitambaa cheupe, vya kuvuta maji ya viazi, waliviweka babu zetu. Uwanda ulikuwa mweupe utadhani bata bukini wametua. Kisha zikaja injini za dizeli. Wanaume wakapenda ile kelele, vinu vikauzwa chuma chakavu.

Rodanthi alikuwa amefiwa na mume, ana watoto watatu. Shemeji yake akamwambia auze na yeye. Akajibu, "Upepo haujawahi kuniletea bili." Maneno hayo yakarudiwa mpaka kwenye mkahawa. Mimi nilikuwa nimeyasema mwaka mmoja kabla yake, na hakuna aliyeyarudia.

Nami kinu sikukiuza. Lakini changu kilikuwa kizito. Kijiupepo cha kupoza kahawa kikipita, matanga yake yanakwenda, yangu yamelala.

"Ergina!" ananiita juu ya ukuta. "Kinu chako bado kinasali?"

"Kinapumzika. Chako kina haraka ya kwenda wapi?"

Kiangazi kile mwanangu Zaharis alichoka. "Mama, nimengoja vya kutosha. Birika la maji ya shamba lisipojaa, viazi vikaanza kunyauka, nakiangusha hicho kinu, naleta injini."

"Utaniangusha mimi kwanza."

"Mama, viazi havinywi ubishi."

Basi siku ya Bikira Maria, mwezi wa nane, Rodanthi akapanda kijiji cha juu kwenye sikukuu. Asubuhi upepo ulikuwa mwanana, akaacha matanga wazi. Mimi sikwenda. Kila mwaka padri anamsifia mikate yake ya jibini mbele ya watu.

Mchana upepo wa kaskazini ukashuka mlimani kama mbuzi waliokata kamba. Kwetu kinu kilichoachwa wazi ni cha jirani. Unakwenda kukikunjia matanga, mnasalimiana au hamsalimiani. Ukiacha kivunjike, siku ya kuvuna viazi huoni mtu shambani kwako. Nilikaa kizingitini nikakitazama kinavyotetemeka. Nikakaa kidogo tena. Kisha nikaenda.

Nikavuta breki, nikaanza kuzungushia tanga moja moja kwenye mkono wa kinu. La tatu likanisimamisha. Mimi nashona pindo nikalikaza likawa ngoma, ndivyo mama alivyonifunza. Lake alilikusanya kidogo kidogo, tanga likawa na tumbo, kama kitambaa cha kubebea mtoto. Upepo ukiingia unapata pa kukaa. Miaka yote hii nayatazama kutoka ukutani kwangu, nisijue!

Jioni akaja na mikate yake imefunikwa.

"Umenikunjia, Ergina. Mungu akupe."

"Nimekunja, sikuiba."

"Umeona mshono?"

"Mshono gani? Macho yangu mabovu."

"Haya, kula mkate."

Nilikula. Ulikuwa mzuri, na hilo nalo liliniudhi.

Kesho yake nikayashusha matanga yangu yote, nikafumua, nikashona upya, kila moja na tumbo lake, na tumbo hilo nikalizidisha kuliko la Rodanthi. Nilipoyapandisha, majani ya mlozi yalikuwa yanatikisika kidogo tu. Kinu kikakohoa, kikaenda. Siku chache baadaye maji yalikuwa yanamwagika ukingoni mwa birika na Zaharis ameingiza miguu humo, hata neno la injini halimtoki.

Sauti ikaruka ukuta. "Ergina! Na yale macho mabovu?"

"Yamepona!"

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kinu changu kipo mpaka leo. Lakini asubuhi chake bado kinatangulia, kidogo tu. Kipo kitu kingine amefanya kwenye matanga yale, na mwanamke yule hasahau tena kuyakunja akiondoka.