Mikono ya Dereva wa Gari la Kijani

Dereva wa gari la kijani hamtaji chui milia kwa jina. Humwita Mjomba, kama sisi sote wa kando ya msitu huu, ila yeye hushusha sauti hata akiwa sokoni. Mimi huongoza wageni nikiwa nimeketi ubavuni pake, na sichoki kuitazama mikono yake: imetulia utadhani imelala. Akisikia kelele yoyote porini huzima injini, humimina punje za shamari kiganjani, hutafuna polepole huku ametega sikio.

Jana kima walianza kukohoa kwa woga upande wa kijito. Mjomba huyo! Wageni wakainua kamera. Dereva akaondoa gari mbio hadi kijitoni, ambako wanawake wa kijijini hukata majani ya ng'ombe, akabana honi, ambayo humu ni marufuku, mpaka wakatoka wote na mizigo yao.

"Shemeji, wewe na honi yako! Nimemwaga majani yangu," akafoka Hansi, mmoja wa wanawake hao.

"Tumelipa tumwone chui milia, wewe unamfukuza!" mgeni mmoja akang'aka.

"Sisi nusura tumwone bure, kaka," Hansi akamjibu, wenzake wakaangua kicheko.

Dereva naye akacheka. Akatoa shamari amgawie Hansi, na punje zote zikamwagika kabla hazijamfikia.