Moshi wa Jumamosi

Ile kanuni niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kiangazi kile nyasi za mlimani juu ya Kebirigo zilikauka kabisa, na chifu akaniweka niwe mkuu wa kuzima moto. Barazani nilisimama kifua mbele nikasema, "Jumamosi mkiona moshi, msiulize. Sisi Wasabato hatupiki siku hiyo. Huo moshi ni nyumba inaungua. Gongeni ile rimu ya lori pale kanisani, mje mbio."

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mke wangu, Kemunto, kwamba mgongo unaniuma. Akaenda kanisani na watoto. Ukweli ni kwamba nilichoshwa na viazi baridi vilivyopikwa Ijumaa, nikatamani chai ya moto. Kuni zilikuwa mbichi. Nikafunga mlango, nikapuliza, nikakohoa, nikapuliza tena.

Sijamaliza kikombe cha kwanza, nikasikia rimu inagongwa. Wanangu wako kanisani, na kanisa lenyewe limeezekwa kwa nyasi. Nikatoka mbio.

Watu walikuwa wakipanda kuja kwangu, wanaume na matawi, wanawake na ndoo za maji. Kemunto alikuwa mbele, miguu mitupu, akilia.

"Moto uko wapi?" nikawauliza kwa sauti.

Mzee wa kanisa alisimama akihema. Akatazama paa langu likifuka moshi, kisha kikombe nilichokuwa bado nimekishika.

Kemunto akaacha kulia.

"Na mgongo," akaniuliza polepole, "umepona?"