Mzee Alivyogoma Kushuka Same

Hapana, hajakasirika. Ukimwona mume wangu amesimama hivyo, mkono mmoja kiunoni na wa pili ameshika mkanda wa suruali kama anaizuia isimkimbie, ujue anataka kusimulia. Akikasirika anakaa chini, ananyamaza. Akisimama, vuta kigoda, maana hapo utakaa.

Jumapili ile alisimama tangu watu wanatoka kanisani.

Ilianza na simu. Mtoto wetu mkubwa anaishi Same mjini, na akiongea na simu utadhani anatangaza vifo redioni. "Baba. Shikamoo. Jumapili tunakuja. Mimi na mama watoto. Tuna jambo la familia." Kisha akakata. Mzee akabaki na simu sikioni anasikiliza kimya.

"Umesikia?" akaniambia. "Wanakuja kutuhamisha."

"Amesema jambo," nikamjibu. "Hajasema kuhama."

"Wewe watu wa mjini huwajui. Jambo lao ndiyo hilo."

Sikumlaumu sana. Goti lilipomsumbua mwaka jana, mtoto alitaja nyumba yake ya Same, ina vigae, bomba liko ndani, unakaa kitandani unasikia maji. Tangu siku hiyo mzee ana ugomvi na vigae. Tukienda kwa mtu aliyeweka vigae, anatembea ukutani ukutani kama sakafu imemwagiwa mafuta.

Lakini kilichokuwa kinamuuma zaidi ni Jumanne yake. Huku kwetu Myamba tunamwagilia kwa ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba wazee wa zamani. Linajaa, asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka na mfereji hadi shambani, na kila nyumba ina siku yake. Sisi ni Jumanne. Babu yake alizibua Jumanne, baba yake alizibua Jumanne, na yeye mpaka leo anakwenda na fimbo yake anazibua. Ukihama, siku yako inachukuliwa na jirani, na ukiipeleka kesi utazeeka nayo. Sisi Wapare kesi hatuziogopi, lakini ya maji hata sisi tunaiogopa.

Na jirani alishanusa. Ijumaa akaja, na ile sauti yake ya kumbembeleza ng'ombe atoe maziwa. "Shikamoo mzee wangu. Nasikia mnatuacha. Basi nikasema nipite tu, niutazame mfereji."

"Marahaba," mzee akasema. "Tazama wa kwako."

Alivyoondoka yule, mzee hakula. Akaingia migombani, nikamsikia anafanya mazoezi. Anasema, anarudia, anakohoa, anaanza upya. Mpaka ng'ombe wetu aliacha kutafuna akamgeukia.

Jumapili wakaja. Walipata gari mpaka sokoni, wakamalizia kwa miguu. Mtoto wangu kavaa viatu vya ofisini, anapanda kilima kama kuku aliyelowa. Nyuma yake mke wake, mtoto mchanga kifuani, na mdomo haufungwi. "Mama shikamoo, jamani huku baridi kama friji, mama umepungua, mtandao huku unapatikana wapi, mama, mtoto kajikojolea." Mkwe wangu huyo nampenda. Maneno yake hayajui kupanga foleni tu.

Nikawapa makande, tukakaa.

Sasa kwetu kikao kina utaratibu. Mwenye nyumba anafungua, na akishafungua hakatizwi hata na mvua. Watoto wanafuata kwa umri. Mkwe anasema wa mwisho kabisa, na mpaka aulizwe. Aliyeuweka utaratibu huo simjui, ila lazima alikuwa mwanamume mwenye hadithi nyingi.

Mtoto akaanza, "Baba, sisi tulikuwa tu tunataka..."

"Bado sijafungua."

"Ndiyo, baba, ila ni dogo tu..."

"Sasa nimefungua," mzee akasema, akasimama, mkono kiunoni.

Akianza habari za ukoo, sauti inashuka, inatokea chini kama mtu aliye ndani ya pipa. "Babu yangu. Ukingo wa ndiva ulipopasuka, maji yanaondoka, mazao yanakufa, yeye alikwenda akakaa kwenye tundu. Akaliziba kwa mwili wake. Siku mbili."

Ngoja nikupe na upande wa pili. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwepo siku ile, ameolewa juzi tu, na alinisimulia tukichambua maharage. Yule bibi alikuwa anaongea kwa puani, taratibu, kama hajali. "Alikuwa amekunywa dengelua, ile pombe ya miwa. Akaenda ukingoni kujisaidia. Akateleza. Makalio yakaingia kwenye tundu. Hakuziba, mwanangu. Alikwama. Wanaume watatu walimvuta."

Na hakukaa siku mbili. Wakati mume wangu ananichumbia, babu alikaa kwenye tundu asubuhi moja. Tulipopata mtoto wa kwanza, babu akafika jioni. Wajukuu walipoanza kuja, akalala humo. Kwa mwenendo huu, miaka michache ijayo babu atazikwa mle.

Nikauliza kwa adabu, "Hizo siku mbili, makande alipelekewa na nani?"

"Alifunga."

"Na haja?"

Mkwe akacheka puu, mtoto mchanga akashtuka akalia. Mzee akaniangalia. "Bibi wewe. Nimefungua kikao."

Akahamia kwa baba yake. Baba yake, enzi za mkonge, alishuka tambarare kufanya kazi shambani. "Akaonja maji ya kule," mzee anasema, na hapo anafanya uso wa mtu aliyemeza dawa, "yana chumvi. Akasema, maji haya si ya mtu. Akatupa panga lao, akapanda mlima, hakushuka tena hadi anakufa."

Mama mkwe alivyolisema hilo, sauti ileile ya puani: "Msimamizi alikuwa anawaamsha na kengele. Baba mkwe wako alikuwa hapendi kengele." Basi. Chumvi haikuwemo. Alirudi nyumbani akalala mpaka jua likamkuta, na mama mkwe akamwachia alale, akaenda shamba peke yake.

Hilo sikulisema kikaoni. Nililiweka mdomoni nikalizungusha kama pipi.

Mtoto wangu alikuwa anaangalia saa. "Baba, tumeelewa..."

"Hamjaelewa. Bado mimi."

Yake ni ya mbuzi. Alikuwa kijana, kapeleka tangawizi Hedaru kwa lori. Kwenye gulio akanunua mbuzi kwa mfugaji mmoja wa tambarare, mrefu, mwenye shuka. Mzee anamwiga yule mfugaji kwa kusimama mguu mmoja, na goti lile bovu karibu limwangushe. "Huyu mbuzi hapandi mlima. Miguu yake ni ya chini." Na mzee akamjibu, eti, "Kwetu hata mbuzi anajifunza." Akambeba shingoni, kutoka barabarani, siku nzima, hadi hapa uani.

Uani nilikuwepo mimi. Nilikuwa napepeta mahindi. Nilichoona ni mbuzi kwanza. Mbuzi katangulia, kamba imekaza, halafu baada ya kamba kuna mwanamume, ulimi nje, anavutwa. Mbuzi yule alipanda huu mlima kama anadai haki yake. Nilimpa mume wangu maji, akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, akaniambia, "Nimembeba." Nikasema, "Naona." Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja, na nikajua nitaishi na mtu wa namna gani.

"Vizazi vitatu," mzee akawaambia. Hapo sauti ya pipa ilishaondoka, imebaki yake ya kawaida, ile ya kuuliza chumvi iko wapi. "Kila aliyeshuka amerudi. Babu yangu kaburi lake liko pale chini ya migomba. Baba yangu lile. Mimi Jumanne yangu mnataka nimpe nani? Yule anayekuja kutazama mfereji? Nikikaa kwenye vigae vyenu nitamwagilia nini? Nitasikiliza bomba?"

Nikataka kusema neno la kuchekesha, nikamwangalia mkono. Ule wa kiunoni ulikuwa umeshuka, nao umeshika mkanda. Miaka yote hiyo nimemsikia anasimulia mambo haya na sijawahi kuona mkono wa kiunoni unashuka. Nikagundua yule mzee hakuwa anajisifu. Alikuwa anaomba. Kafanya mazoezi mbele ya ng'ombe siku mbili ili watoto wake wasimng'oe, na ameombea kwa makalio ya babu yake kwa sababu hana kingine cha kuombea.

Nikamwongezea chai. Hakuiona.

"Mimi sishuki," akamaliza. "Mje na kamba, kama ya mbuzi." Akakaa.

Mimi nikawa najiwazia mambo yangu. Nikawa nazihesabu zile hadithi, ya babu, ya baba, ya kwake, nikaona mimi simo hata moja. Mbuzi yumo.

Mtoto wangu alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu na kijiti, anakwangua, hainui kichwa. Masikio yake nayajua, yakiwa mekundu vile amefanya kosa au anataka kulifanya. "Baba," akasema, "hatukuja... yaani, baba, wewe hatukusema..." Akashindwa. Mtu anayetangaza vifo redioni, akashindwa.

"Sema," mzee akamwambia. "Nimemaliza, nakusikiliza."

"Mimi... sina la kuongeza, baba."

Mzee akanitazama, na nakwambia aling'aa. Akajua ameshinda. Akanyoosha mguu wa goti bovu, akashika kikombe, akakumbuka utaratibu. Mshindi anaweza kuwa na adabu. Akamgeukia mkwe, kwa sauti laini ya mwenye nyumba: "Haya, mama. Na wewe ulikuwa na neno?"

Mkwe wangu alikuwa amekaa na maneno yake mdomoni tangu makande. Akamhamisha mtoto kutoka titi hili kwenda titi lile, akamfuta mdomo, wala hakumwangalia mume wake aliyekuwa anamkanyaga mguu.

"Wewe baki, baba, hakuna aliyekufuata. Mimi narudi kazini na huyu mtoto hana wa kumlea, tumemfuata mama."