Kitenge kwenye gurudumu la boda, na kisu kilichokuwa mfukoni mwangu

Wakuu, poleni na majukumu. Nimeona wengi humu wanauliza wanunue kisu gani cha mfukoni. Nitajibu, ila jibu langu lina damu ndani yake. Yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mkulima wa kokoa, Ipyana, Kyela. Kisu kwangu ni cha kila siku: kufungua viroba, kukata kamba na majani ya migomba, kumenya chungwa.

Nilianza na vile vya kung'aa vya mnadani. Chuma laini. Asubuhi unanoa, mchana kinasugua tu. Na havina lock, ukikandamiza kinajikunja kwenye vidole vyako.

Binamu yangu anayefanya biashara Karonga akaniletea kimoja cha chuma kigumu, chenye lock. Kizito kidogo, hakina urembo wowote.

Hapa wapya msikilize. Chuma kigumu hakinoleki kwenye jiwe la mtoni. Nilihangaika nikakaribia kukitupa, mpaka nikapata kinoo cha maana, upande mmoja una chenga, mwingine laini. Lowesha maji, laza kisu kwa mlalo uleule mwanzo mpaka mwisho, usikandamize. Malizia kwenye mkanda wa ngozi. Kikipita kwenye karatasi bila kuivuta, kimekubali.

Na usikitumie kuchokonolea wala kufungulia soda. Chuma kigumu kinamegeka.

Sasa tukio lenyewe.

Dada yangu Tumpe anauza mchele sokoni Kyela mjini. Siku hiyo tulikuwa tunatoka msibani Bujonde. Yeye kapanda boda ya jirani yetu Lusajo, mimi nafuata nyuma na boda nyingine. Kakaa upande, kitenge kajizungushia shingoni, ncha inaning'inia.

Sikuona ilivyoanza. Niliona dada anavutwa kwenda nyuma kama kuna mtu kamkamata. Ncha imeingia kwenye spoki. Lusajo akafunga breki, pikipiki ikalala, dada chini, shingo imekabwa na kitenge kilichojiviringisha kwenye gurudumu.

Hakuwa anapiga kelele. Hicho ndicho kilichonitisha. Mdomo wazi, macho yamemtoka, uso unabadilika rangi.

Lusajo alishatoa kisu chake, cha aina ileile ya mnadani. Anasugua kitenge, hakikati. Akakandamiza kwa nguvu zote, kikajikunja. Vidole viwili vikafunguka mpaka mfupa, na bado anang'ang'ana, damu inamwagikia dada.

"Kaka, hakikati! Hakikati!"

Dereva wangu anajaribu kurudisha gurudumu nyuma, limekwama.

Nikamsogeza Lusajo, nikapiga magoti, nikafungua kisu changu. Sikugusa shingoni. Nilikata pale kitenge kilipokazika, kati ya shingo na gurudumu, makali yakitazama gurudumu. Kisu kilipita mara moja. Kichwa cha dada kikaangukia mapajani mwangu, akavuta pumzi yenye mlio ambao sitaki kuusikia tena.

Hospitali walimpokea haraka. Akapona. Nasema akapona kwa sababu yuko hai, anatembea, anapika. Lakini koo liliumia ndani, na daktari alituambia kuhusu sauti haahidi kitu. Mpaka leo haijarudi.

Lusajo vidole havikunjiki. Kushika klachi hawezi, boda kaacha, sasa anabeba mizigo. Alikuja nyumbani kuomba msamaha, analia. Dada akaushika ule mkono, akanong'ona, "Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu. Hukuniacha." Ilibidi tuiname ndipo tumsikie.

Kwa hiyo wakuu, kisu kiwe na lock, chuma kigumu, na kinolewe kabla hakijahitajika. Ila kubwa kuliko kisu: mama, dada, mke, kabla hajapanda boda, kagua kitenge na khanga. Ncha zote zifungwe. Mimi siku ile nilikuwa na kisu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na bado kilichelewa.

Juzi nilipita sokoni. Wenzake wanaita wateja kwa kelele kama kawaida. Yeye anagonga kwa kijiko sado tupu, kile kikopo cha kupimia mchele.

Kama kuna mtu humu ndugu yake alipoteza sauti namna hii ikarudi, aandike hapo chini alitibiwa vipi. Nitamsomea dada.