Usaha wa Sungura wa Amana

Tuliporudi kisiwani Amu kutoka likizo bara, mwaka mmoja wa miaka ya sitini, harufu ilitupokea kabla ya mwenye nyumba. Ilikuwa kama ya samaki aliyesahauliwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ilitoka kwa sungura wetu.

Nilikuwa mwalimu, mgeni katika mji ule. Mke wangu alimfuga sungura yule kwa kujiondolea upweke, na tulipoondoka tulimwachia mwenye nyumba wetu, bibi mjane aliyeishi chini yetu. Sasa shavu la mnyama lilikuwa limevimba, manyoya ya kidevu yameshikana kwa ute, na kila alichojaribu kutafuna kilimdondoka.

"Alikuwa akila nini?" nikamuuliza bibi.

"Tende, na mkate wa kumimina nimeuroweka kwenye chai ya maziwa."

"Na nyasi?"

Akanitazama kana kwamba nimemtusi. "Mgeni wa watu nimpe mani, Bwana Mwalimu? Nti gani hiyo?" Kwa lahaja ya Amu, mani ni majani na nti ni nchi.

Nikamwita bwana mifugo. Alimfungua sungura mdomo, akatueleza kwamba meno yake hayaachi kukua, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Kwa vyakula laini yalikuwa yamerefuka na kupinda, mzizi mmoja ukaoza. Bibi alikuwa akimkandika vitunguu vilivyopondwa, akingoja jipu liive lipasuke kama la mtu.

"Usaha wa sungura hautiririki," bwana mifugo akasema. "Huchotwa."

Bibi hakukubali mwingine amshike sungura. "Ni amana niliyopewa. Akifa, nitamjibu nini Mola wangu?" Alikuwa amejifunga kanga kuukuu, maana usaha ni najisi na sala ya alasiri ilikuwa karibu.

Bwana mifugo akayapunguza meno kwa koleo ndogo, kisha akapasua shavu kwa wembe. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kizito kama samli iliyoganda, kikija kwa mabonge. Mimi ndiye niliyekichota, kwa mpini wa kijiko chetu cha chai. Bonge moja likaingia chini ya ukucha wangu, na mke wangu akakimbilia uani kutapika. Chini kabisa mzizi ulionekana, wa rangi ya kahawia, ukinuka kuliko vyote. Bwana mifugo akaung'oa, akaniachia kazi ya kuosha shimo kwa maji ya chumvi kila siku. Lisifungwe, alisema, mpaka lijifunge lenyewe.

Nililiosha huku nikipumua kwa mdomo. Wali mweupe sikuugusa kwa muda mrefu.

Asubuhi moja bibi akaingia na fungu la ukoka alilolificha ndani ya buibui, majirani wasione anachomlisha mgeni. Akamwekea mbele ya pua. Sungura akanusa, akavuta jani moja, akaanza kutafuna, na lile shimo la shavuni likafunguka na kufungika kila taya lilipokwenda. Nikageuza uso.

Bibi hakugeuza wake. "Kula, mgeni wangu," akamwambia. "Uniwie radhi."