Meza ya Dada Kwenye Ngazi

Udiwani ulinigharimu ghorofa mbili za duka na dada mmoja. Nimehesabu mara mbili, chenji hakuna.

Duka langu lilikuwa la kwanza Tunduma kuuza sufuria chini, nguo katikati na vitanda juu, kila kitu kimebandikwa bei. Nilidhani ndio ustaarabu. Wateja, wengi wao wa ng'ambo ya mpaka, walisoma bei, wakacheka, wakatoka. Duka lisilopunguza waliliona kama mwenyeji asiyesema karibu.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa, aliyenisomesha kwa kahawa ya shamba letu la Isansa. Aliweka meza ya vitenge kwenye ngazi za mbele, akawa anawadaka wateja kabla hawajaingia.

"Bamayo, mama yangu, humo ndani hawapunguzi. Unataka sufuria? Nitakutolea kwa arobaini elfu."

"Arobaini! Na jiko lake?"

Watavutana, watatukanana kidogo, mpaka mteja ashinde kwa thelathini. Dada anaingia kuileta. Thelathini ndiyo bei niliyobandika. Mama wa watu anaondoka akiimba.

Nilipopata udiwani, ukaja mjadala wa kuondoa meza kando ya barabara. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Ningemwacha dada, wangesema najipendelea.

"Dada, sheria haina undugu," nilimwambia.

"Sawa, Mheshimiwa." Alikuwa anakunja vitenge. Hakuwahi kuniita hivyo.

Tangu hapo watu wakaingia, wakasoma, wakatoka. Nikabandua bei, wakadhani mali ya wizi. Nikakaa kwenye ngazi mwenyewe. Nani atatukanana na diwani? Ghorofa ya juu nikafunga. Ya kati nimempangisha fundi simu, naye kodi anataka nipunguze. Uchaguzi uliofuata sikuambulia kitu.

Mwaka huu nilimfuata dada Mkwajuni, anakowauzia wachimba dhahabu.

"Shikamoo, dada. Rudi nyumbani."

"Marahaba. Meza yangu iko hapa."

"Nikupe nini urudi?"

"Taja wewe, Mheshimiwa. Ila siku hizi na mimi sipunguzi."

Nilirudi bila kutaja. Kila bei ninayoifikiria naiona ndogo, na duka halitanisubiri sana. Wewe unayesoma, kama umewahi kupatana bei na mtu aliyekufundisha kupatana, nishauri: nianzie wapi?